Meno ya Kapteni Chini ya Barafu

Jumatatu, 18 Machi 1996

Daftari jipya. Naliandika kwa sababu siku moja watu watauliza ni nani aliyeiokoa timu ya Wexley, na mimi sipendi kujisifu kwa mdomo.

Hali ni hii. Timu yetu ya hoki, Makorongo, inahamishwa. Mmiliki, Bwana Prewitt, anaipeleka kusini, jangwani, kwa watu ambao barafu wameiona ndani ya bilauri tu. Alitangaza Januari. Mji mzima ulilia, halafu ukaenda kazini. Mimi sikulia. Mimi nilisikiliza redio. Mtangazaji alimuuliza kama kuna lolote la kumbadilisha mawazo. Akacheka, akasema vijana wakiingia mtoano atafikiria upya. Mke wangu Stefka anasema jamaa alikuwa anatania. Shauri yake. Maneno yenyewe nimeyaandika kwenye kalenda ya jikoni, pamoja na saa aliyoyasema.

Zimebaki mechi tatu, zote hapa nyumbani. Tukishinda zote, tunaingia mtoano. Tukifungwa moja tu, basi, buriani. Makorongo hawajashinda tatu mfululizo tangu mwaka juzi. Lakini mwaka juzi mimi nilikuwa natengeneza barafu tu. Sasa natengeneza mipango.

Miaka thelathini na moja nimeendesha mashine ya kulainisha barafu ya uwanja huu. Inaitwa Olga. Naijua barafu ile kuliko ninavyowajua wanangu, na wanangu wamelisema hilo wenyewe, kwa uchungu.

Jambo moja liandikwe. Ni nani huipa timu jina la ndege anayehamia kusini kila mwaka? Nililipinga jina hilo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyenisikiliza.

Kesho ni Port Hallam. Wana kasi ya ajabu. Mpango: barafu laini, nzito. Nitazima mtambo wa kugandisha saa nane mchana. Wakimbie sasa tuone!

Jumanne, 19 Machi

Tumeshinda! Moja bila! Na nimepigwa marufuku klabu ya mawe, maisha!

Nianze mwanzo. Saa nane nilizima mtambo. Nje theluji ilikuwa inayeyuka, joto la ajabu kwa mwezi wa Machi. Kufika saa kumi barafu ilikuwa imelegea kama uji wa mgonjwa. Nikajipongeza. Kumbe nimesahau kitu kimoja kidogo. Mtambo ni mmoja, na nusu ya mabomba yake yanapita ukutani kwenda kwa jirani, klabu ya mawe, kwa wale wanaotelezesha mawe ya mviringo na kuyafagilia njia. Fundi wa barafu wa kule ni Lorne Haugen, mtu wa pua ndefu mwenye cheti ukutani. Na leo kule ilikuwa fainali ya akina mama. Na katika fainali hiyo alikuwemo Stefka.

Jiwe lake la mwisho, la ushindi, lilikwenda hatua tano, likatua dimbwini. Wanasema lilitoa mlio: chubwi. Lorne alinijia mbio viatu vikichuruzika. Akaniuliza kama akili hizi ni zangu au nimeziazima. Akasema mama wa watu anafagia maji, Orest, maji! Nikamwambia asifanye makuu, ni unyevunyevu tu.

Jioni ukaja ukungu. Barafu laini, joto la nje, pumzi za watu elfu tatu: wingu likaanza kupanda kutoka chini. Kipindi cha pili sikuyaona magoli. Kipindi cha tatu sikuiona mikono yangu. Port Hallam walikimbia kwa kasi yao ile ile, ila hawakujua wanakwenda wapi. Wawili waligongana wenyewe kwa wenyewe, wakaombana radhi wakidhani ni adui. Ukungu ulipopungua, refa alikikuta kisahani, kile kinachopigwa kwa magongo, kimelala ndani ya wavu wao. Kimefikaje? Mungu ndiye ajuaye. Filimbi ikalia.

Ni barafu yangu. Bado mbili.

Jumatano, 20 Machi

Stefka haongei. Pyrohi zangu, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, nimewekewa mezani zikiwa zimeganda kwa baridi ya friji. Nilipouliza, alisema nisubiri, kwani mimi si ndiye bingwa wa kuyeyusha?

Ukungu hauji mara mbili. Nahitaji kitu cha uhakika. Nimefikiri kutwa nzima nikizunguka na Olga, na jibu limekuja kwenye kona ya nne.

Meno ya Gaétan!

Gaétan Thibodeau ni kapteni wetu. Miaka thelathini na saba, mtu wa Quebec, yuko hapa mwaka wa kumi na saba. Mwaka 1984, siku tuliyotwaa kombe, alipigwa gongo la mdomo, meno matatu ya mbele yakamtoka, na bado akafunga goli. Akatengenezewa ya bandia, yana kibamba cha chuma. Kabla ya kila mechi huyatoa na kuyaweka ndani ya glasi kwenye rafu ya chumba cha kubadilishia nguo. Kila mchezaji akitoka huigonga glasi kwa gongo lake, ting. Asiyegonga hachezi. Bahati yote ya timu imo mle ndani.

Sasa najiuliza: bahati inafanya nini rafuni? Hakuna anayefunga goli rafuni. Bahati inatakiwa kuwa barafuni, mbele ya goli la adui!

Alhamisi, 21 Machi

Imekwisha. Wakati wachezaji wanaoga baada ya mazoezi, niliingia na ndoo na tambara, sura ya mtu wa usafi. Nikatoka na meno ndani ya ndoo.

Nimechimba hatua mbili mbele ya goli la mashariki. Si kwa kubahatisha. Wageni hulinda mashariki kipindi cha kwanza na cha tatu. Sisi tunalilinda cha pili tu. Vipindi viwili dhidi ya kimoja. Hesabu ni hesabu. Barafu yetu ina unene wa vidole viwili, meno yakaingia sawasawa. Maji juu, yakaganda, nikapitisha Olga. Huwezi kujua kama pamechimbwa.

Nageuka, Lorne huyo amesimama mlangoni. Hakuona nilichozika ila aliiona keekee mkononi mwangu. Akauliza nazika nini, sarafu? Akasema kama ni chuma, nikitoe leo. Chuma hakikai chini ya barafu: taa zinakipasha joto, kinapanda juu kidogo kidogo mpaka kinachungulia. Ati alikwishapata tabu na skrubu moja mwaka 1990. Nikamuuliza kama cheti chake kinasema chochote kuhusu kuchunguza kazi za watu. Akaondoka akisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mkuu! Yeye! Wivu tu huo.

Jumamosi, 23 Machi

Nne kwa mbili! Magoli matatu kati ya manne yameingia mashariki! La tatu lilidunda kidogo pale pale, nililiona kwa macho yangu, likampita golikipa wao akiwa amekwisha kulala chini.

Kabla ya mechi kulikuwa na zogo. Gaétan aligeuza chumba juu chini akitafuta meno. Vijana wakabaki kuigonga glasi tupu. Mmoja alitaka kulia. Nilisaidia kutafuta, kwa bidii kuliko wote. Nilimulika hadi chini ya Olga.

Bado moja. Moja tu!

Jumapili, 24 Machi

Gaétan huja kwetu kila Jumapili kula, tangu alipofika hapa akiwa kijana asiyejua kusema hata habari za asubuhi. Stefka alikuwa amekaanga kovbasa, ile soseji yake ya vitunguu saumu. Gaétan aliitazama kama mtu anavyotazama picha ya nyumbani. Hawezi kuitafuna. Amekula supu ya kiazi chekundu, akaongeza supu, akashiba supu. Maneno yanamtoka na upepo, anamwita Stefka "Fefka". Stefka akalengwalengwa na machozi, akamsagia soseji kwenye mashine mpaka ikawa uji.

Halafu Gaétan akasema jambo. Alisema kusini haendi. Ataenda mechi ikihitajika, lakini kuhama, hapana. Nyumba yake iko hapa, kaburi la mkewe liko hapa. Timu ikiondoka yeye atatundika viatu, na hajui atafanya nini asubuhi ya siku itakayofuata. Aliyasema akitazama sahani.

Nilikaribia kukiri. Haki ya Mungu, mdomo nilikwisha ufungua. Lakini ulikuwa wazi, nikautilia kovbasa. Tukiingia mtoano atakuwa na timu na meno pia. Ni suala la subira.

Ijumaa, 29 Machi

Bwana Prewitt amewasili kutazama mechi ya mwisho. Viatu vyembamba vya ngozi, kwenye theluji hii. Nilimsubiri mlangoni nikiwa na ukurasa wa kalenda ya jikoni. Nikamsomea maneno yake ya redioni, na saa yake. Akauliza maneno gani? Nikarudia. Akasema aa, sawa, sawa, akanipiga begani, akapita.

Amesema sawa. Mara mbili. Huo ni mkataba!

Ila akaingia chumba cha wachezaji. Katikati ya zulia amechorwa korongo wetu, na yule korongo hakanyagwi. Miaka yote hii hakuna aliyemkanyaga. Hata mafundi wa bomba hutembea wakiambaa ukuta. Bwana Prewitt alisimama juu yake kwa miguu miwili, akaanza kutoa hotuba. Gaétan akamwendea, akamwambia kwa upole, bila meno, kwamba ni desturi, anayekanyaga hupangusa. Yule bwana akacheka akidhani ni mzaha. Hakuna aliyecheka naye. Mwishowe alipiga magoti, akapangusa kwa leso yake ya mfukoni.

Nimelichukua kama dalili njema. Stefka anasema mimi hata nyumba ikiungua nitasema angalau tumepata joto.

Jumamosi, 30 Machi

Saa tisa alasiri. Nimepitisha Olga mara tatu. Barafu inang'aa. Mbele ya goli la mashariki nimeona kitu kama kivuli, cheupe kidogo. Ni taa. Nimeongeza maji juu.

Mjini maduka yamefungwa. Watu wamejaa tangu saa nane. Leo tunashinda. Nalijua hilo mifupani.

Jumapili, 31 Machi

Sitaki kuandika. Lakini nilisema ni kwa ajili ya historia.

Tulikwenda sare na Kessock, mbili kwa mbili, hadi mwisho wa kipindi cha tatu. Watu wamesimama. Dakika za nyongeza, goli la kwanza linamaliza kazi. Nikaingia na Olga kulainisha, watu wakinishangilia kwa jina, Orest! Orest! Nikawapungia. Na hapo, kwenye kona ya pili, nikapungia nikaacha mkono hewani.

Dakika za nyongeza timu hubadilishana magoli.

Goli la mashariki linakuwa letu.

Miaka thelathini na moja! Nimelainisha barafu kwa dakika za nyongeza mara mia, na sikukumbuka! Nikasimamisha Olga mbele ya goli, nikashuka na bisibisi, nikapiga magoti, nikaanza kuchokoa. Watu elfu nne wakaanza kuzomea. Refa akaja akaniuliza, mzee, kuna nini huko chini? Nikasema natafuta ufa. Akasema ufa uko kichwani mwangu, nitoke. Nilipoondoka, barafu pale ilikuwa na kidonda, na katikati ya kidonda meno matatu yakiitazama dunia.

Dakika ya sita. Kessock wakapiga shuti kutoka mbali, shuti dhaifu, la kukata tamaa. Golikipa wetu alikwisha shusha mkono kulidaka. Kisahani kikayagonga meno, kikaruka juu ya bega lake, kikaingia wavuni.

Kwisha. Timu kwisha, msimu kwisha, kila kitu kwisha.

Nililia. Naliandika waziwazi: nilikaa kwenye kiti cha Olga nikalia kama mtoto. Jirani yangu kwenye uzio alikuwa Lorne Haugen, naye machozi yakimtiririka kwenye pua yake ndefu. Hatukutazamana.

Gaétan akateleza taratibu mpaka pale. Akainama. Akayang'oa. Akayatazama mbele na nyuma, akayafuta kwenye jezi, akayatia mdomoni. Kisha akainua kichwa, akautazama umati wote, akatabasamu. Meno yote! Sijui nani alianza. Watu elfu nne walisimama wakapiga makofi, na hawakuacha, na hakuna aliyetoka. Robo saa. Nusu saa. Wachezaji wa Kessock nao wakasimama wakapiga magongo barafuni. Bwana Prewitt alitazama saa yake, kisha akaacha kuitazama.

Gaétan alipita kando ya Olga akitoka. Akaniinamia sikioni. Akasema, mzee, siku kumi nakunywa supu. Basi, hilo tu.

Jumatatu, 1 Aprili

Redio ilimhoji Gaétan. Akasema meno yalimdondoka mwenyewe mazoezini, lawama ni zake, na mzee Orest alihatarisha heshima yake kujaribu kuyatoa. Mji mzima unanisalimia barabarani. Mwokaji amenipa mkate.

Nilimwambia Stefka nimeguswa sana. Akaniuliza kama kweli yalidondoka. Nikasema nahodha amesema, mimi ni nani nimkanushe? Kisha akasema sikio la kufa halisikii dawa, akanipa pyrohi. Za moto!

Nikifikiria vizuri, inawezekana kabisa yalimdondoka.

Jumanne, 9 Aprili

Malori yameondoka. Magongo, mabegi, vitanda vya kukandia misuli, vyote. Vijana walitukumbatia mmoja mmoja. Zulia halikuchukuliwa. Bwana Prewitt hakutaka jina wala korongo, kule wataitwa Nge. Ala! Mtu anachukua kuku anaacha yai.

Gaétan alisimama kando ya barabara mpaka lori la mwisho likapotea. Nilingoja aanguke. Hakuanguka. Akanigeukia akauliza barafu itakaa mpaka lini. Nikasema mtambo ninao mimi. Akasema basi tuna jina, tuna zulia, tuna barafu. Tunachokosa ni watu kumi na watano wasio na aibu.

Jumapili, 14 Aprili

Pasaka yetu sisi Waorthodoksi. Kristo amefufuka!

Tunatoka kanisani na vikapu, tukasikia kelele juu. Korongo! Korongo wenyewe, wa mbawa, mamia kwa mamia, kutoka kusini. Padri akasimama na maji ya baraka mkononi. Gaétan akavua kofia. Stefka akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu jiwe lake lizame, akasema tazama, Orest, wanarudi. Nikajikuta nalia tena. Jina zuri sana lile. Kuna watu walilipinga zamani, siwakumbuki.

Nao watu kumi na watano wamepatikana. Mwokaji, wakulima sita, mwalimu wa hesabu, wazima moto, daktari wa meno. Golikipa ni Lorne! Anasema yeye barafu anaijua. Tutaona. Jumamosi Makorongo wapya wanacheza na wazima moto wa Port Hallam, na watu wamekwisha anza kuulizana nani atakaa wapi. Gaétan ni kocha. Ana asubuhi ya kuamkia sasa. Mchana amekula kwetu kovbasa tatu nzima, akazitafuna kwa mlio, Stefka akimtazama kwa furaha.

Ila nikiwapima wale kumi na watano, kusema kweli, ni wazito. Mwokaji haoni mbali. Wanahitaji msaada kidogo.

Baada ya kula Gaétan alisinzia kwenye kochi. Glasi ilikuwa dirishani, meno ndani yake.

Naandika haya nikiwa juu ya Olga. Nimechimba, nimemwaga maji, yameganda. Simu ya ofisini inalia, imeanza tena, bila shaka ni Stefka, na najua swali lake. Iache ilie. Safari hii nimetumia akili: nimeyazika katikati kabisa ya uwanja. Pale katikati hakuna upande wa kubadilishana.